Atributi mpya kwenye skima ya Active Directory: amua kwanza, andika baadaye

Atributi (uga wa taarifa, mfano namba ya simu) ukishaiingiza kwenye skima ya Active Directory, yaani orodha ya aina za taarifa ambazo saraka hiyo ya Microsoft ya watumiaji na kompyuta inazikubali, haifutiki. Unaweza kuizima kwa kuweka isDefunct: TRUE, lakini inabaki humo. Aina ya data yake, na kama inabeba thamani moja au nyingi, navyo havibadilishwi tena. Ndiyo maana muda wangu mwingi huenda kwenye maamuzi. Amri zenyewe ni chache.

Kwanza hakikisha kweli unaihitaji. employeeID, employeeNumber na carLicense zimo tayari, na palipowahi kusakinishwa Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft) utakuta extensionAttribute1 hadi 15. Ila usiweke namba ya kadi ya mlango kwenye uga wa pager kwa kuwa tu uko wazi: kesho mfumo mwingine utaisoma kama namba ya simu.

Kisha omba OID ya taasisi (namba ya kipekee ya kutambulisha atributi zenu) kutoka IANA, shirika linalogawa namba za mtandao. Ni bure, na huanza na 1.3.6.1.4.1. Tenga tawi la atributi na tawi la klasi (aina ya kitu, mfano user), na kila namba iliyotumika iandikwe mahali pamoja. OID ya kubuni ikigongana na ya programu mtakayonunua baadaye, usakinishaji wake utakwama.

Faili la LDF (maandishi ya kuingiza mabadiliko kwenye saraka) la namba ya kadi ya mlango liko hivi (NNNNN ni namba mliyopewa na IANA):

dn: CN=mfano-Namba-Kadi,CN=Schema,CN=Configuration,DC=X
changetype: add
objectClass: attributeSchema
lDAPDisplayName: mfanoNambaKadi
attributeID: 1.3.6.1.4.1.NNNNN.1.1
attributeSyntax: 2.5.5.12
oMSyntax: 64
isSingleValued: TRUE
rangeUpper: 20
searchFlags: 1

dn:
changetype: modify
add: schemaUpdateNow
schemaUpdateNow: 1
-

2.5.5.12 pamoja na 64 ni maandishi ya Unicode. Wengi hukimbilia namba kamili, yaani 2.5.5.9 na 2, kwa sababu kadi ina tarakimu tupu. Hapo sifuri za mwanzo hupotea, na chochote kinachozidi 2147483647 hukataliwa. searchFlags: 1 huweka indeksi, ili utafutaji uwe wa haraka. Kwa taarifa nyeti, mfano namba ya kitambulisho cha taifa, ongeza 128, inayoifanya iwe ya siri. Bila hiyo, katika mipangilio ya kawaida, karibu kila mwenye akaunti anaweza kuisoma.

Kipande cha mwisho huilazimisha seva isome skima upya. Ukikiacha, klasi utakayoitengeneza baada yake haitaiona atributi mpaka kashe (nakala ya skima iliyo kwenye kumbukumbu ya seva) ijisasishe yenyewe, kama dakika tano hivi, na utapata kosa kwamba atributi haipo wakati umeiongeza sasa hivi.

Usiitundike atributi moja kwa moja kwenye klasi ya user. Tengeneza klasi saidizi yenye objectClassCategory: 3, weka atributi kwenye mayContain (zisizo za lazima), halafu iunganishe klasi hiyo na user. mustContain (za lazima) haitakubaliwa, maana watumiaji waliopo tayari hawana thamani hiyo.

Kabla ya kuendesha, jaribu kwenye foresti (mfumo mzima wa Active Directory) ya maabara. Kisha hakikisha repadmin /replsummary haionyeshi kosa la usambazaji kati ya seva, na netdom query fsmo ikuambie Schema Master, seva pekee inayobadili skima, ni ipi. Jiunge na kundi la Schema Admins, toka kwenye akaunti, uingie tena; usipofanya hivyo utanyimwa ruhusa ingawa jina lako limo. Kwenye Schema Master, zuia mabadiliko yasitoke kwenda seva nyingine, kisha ingiza faili:

repadmin /options SEVA1 +DISABLE_OUTBOUND_REPL
ldifde -i -f kadi.ldf -s SEVA1 -c "DC=X" "DC=mfano,DC=com" -v -j .

Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza kuliko zote. Kosa likitokea sasa, liko kwenye seva moja: unaizima moja kwa moja, unanyakua jukumu la Schema Master kwenye domeni kontrola (seva ya Active Directory) nyingine, na hiyo ya kwanza hairudi mtandaoni mpaka isakinishwe upya. Likishasambaa, njia ya kurudi nyuma ni kurejesha foresti nzima kutoka kwenye bakapu.

Mambo yakiwa sawa, rudia amri ya kwanza kwa alama ya kutoa badala ya kujumlisha, kisha jiondoe Schema Admins. Atributi utaiona kwenye kichupo cha Attribute Editor cha mtumiaji, ndani ya Active Directory Users and Computers, mradi umewasha Advanced Features.