Pampu ya hewa kwenye haidroponiki: kazi yake na namna ya kuichagua

Kwenye haidroponiki, yaani kukuza mimea kwa maji yenye virutubisho bila udongo, pampu ya hewa ni kimashine kinachovuta hewa ya chumbani na kuisukuma kupitia mpira mwembamba hadi chini ya maji ambamo mizizi ya mimea imezama. Ncha ya mpira hufungwa jiwe la hewa, lenye vitundu vingi vidogo, na hewa hutokea hapo kama mapovu. Pampu hii haipandishi maji wala haiyazungushi mabombani. Hiyo ni kazi ya pampu ya maji, na ukienda dukani ukasema tu unataka "pampu ya haidroponiki" usishangae ukipewa hiyo ya maji. Ya hewa utaipata kwa urahisi zaidi kwa wauzaji wa vifaa vya samaki wa mapambo.

Si kila mfumo unaihitaji. Anayepitisha maji kwenye mabomba yaliyoinamishwa kidogo, maji yakapita chini ya mizizi kama utando mwembamba, tayari anaipatia hewa. Anayeihitaji hasa ni mwenye ndoo au kreti: letasi, mchicha au sukumawiki imekaa kwenye kifuniko, na mizizi inashinda na kulala majini.

Mizizi hupumua. Shambani hupata hewa iliyo kati ya chembe za udongo; ndani ya ndoo hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni haba. Kwenye usawa wa bahari, maji yenye nyuzijoto 20 yakiwa yamejaa hewa hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwa nyuzi 25 hushuka hadi 8.3 hivi, na kwa nyuzi 30 hubaki kama 7.6. Maji ya ndoo iliyotulia hayafiki hata hapo, kwa sababu mizizi inakula oksijeni haraka kuliko inavyoingia kupitia uso wa maji. Pampu huziba pengo hilo: mapovu yanaingiza oksijeni yanapopanda, na yanayachanganya maji ili ya chini nayo yafike juu yakutane na hewa.

Lakini pampu haiwezi kuyapa maji oksijeni zaidi ya kiwango yanachoweza kubeba katika joto lile. Mkulima wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye ndoo yake inapigwa na jua la mchana anaweza kununua pampu kubwa mara tatu na mizizi ikaendelea kuoza, kwa kuwa katika maji ya moto mizizi inahitaji oksijeni nyingi zaidi huku iliyopo ni kidogo, na vimelea vya uozo kama Pythium hustawi. Wa Nairobi naye asijidanganye na baridi. Mji uko juu mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yake ya nyuzi 20 hubeba karibu sawa na ya Dar yenye nyuzi 30. Anachomzidi mwenzake ni kwamba mizizi yake haina pupa ya oksijeni kiasi hicho. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu pampu, weka ndoo kivulini na uipake rangi nyeupe kwa nje. Hakikisha pia mwanga haupenyi ndani.

Sasa ukubwa. Watu hutazama wati, na wati haikuambii kitu zaidi ya gharama ya umeme. Namba ya kutafuta ni lita za hewa kwa dakika. Kipimo kinachotumiwa na wakulima wengi wa nyumbani ni angalau lita 1 ya hewa kwa dakika kwa kila lita 4 za maji. Sehemu za joto mimi ningeenda lita 1 kwa kila lita 2 au 3. Kreti ya lita 40, basi, inataka pampu ya lita 10 kwa dakika, na pwani 15 au zaidi.

Namba ya kwenye boksi, hata hivyo, kwa kawaida hupimwa hewa ikitoka wazi bila mzigo wowote. Ukizamisha mpira, maji yanasukuma kinyume. Ndiyo maana boksi huwa na namba ya pili, ya shinikizo. Ikiandikwa 0.012 MPa, maana yake kwenye kina cha mita 1.2 hivi pampu haitoi hata povu moja. Kina cha sentimita 30 kinakula robo ya nguvu hiyo, na jiwe lenye vitundu vidogo sana linakula sehemu yake pia. Nunua yenye ziada.

Ukigawa pampu moja kwa ndoo kadhaa, kumbuka hewa hufuata njia nyepesi. Ndoo yenye maji machache itachemka mapovu na jirani yake itanyamaza. Weka vali ndogo kwenye kila mpira, urekebishe hadi zilingane.

Kuna vali nyingine ambayo bei yake ni ndogo na watu huiacha: ile ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika na pampu ikiwa chini kuliko usawa wa maji, maji hupanda mpira na kushuka hadi ndani ya pampu, penye umeme. Ukiweza, itundike juu ya ndoo. Ikining'inia hata kelele hupungua.

Kuhusu umeme wenyewe, pampu ya wati 5 ikiwaka usiku na mchana hutumia uniti 3.6 kwa siku 30, kwa hiyo usiizime ili kubana matumizi. Tatizo ni mgao. Betri ya volti 12 yenye Ah 7, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, inaendesha pampu ya volti 12 ya wati 5 kwa saa nane hivi. Asiye na betri aache nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati ya kifuniko na maji: mizizi ya juu itazoea kuvuta hewa moja kwa moja, na mmea utahimili saa kadhaa za giza. Pampu kutoka Marekani ya volti 120 usiichomeke kwenye soketi zetu.

Kinachochakaa kwanza ni kiwambo cha mpira kinachopiga hewa ndani ya pampu. Mapovu yakipungua polepole, safisha kwanza jiwe na sponji ya kuchujia hewa; yasiporudi, ni kiwambo. Kati ya pampu mbili za bei moja, chukua ile ambayo muuzaji ana kiwambo chake cha akiba.