Je, wajua yule wa juu kwenye kinyago cha ujamaa ni nani?

Kile kinyago cha Kimakonde unakijua, gogo moja la mpingo limejaa watu waliobebana na kukanyagana mpaka juu, halafu kileleni kuna mmoja. Pale Mwenge, soko la vinyago Dar, vimejaa. Miaka mingi mi nilikuwa nawaambia wageni wangu, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba wa juu ni kiongozi, wa chini ni wananchi, Azimio la Arusha 1967 hilo, na ule weusi ni Afrika. Siku moja nikayarudia mbele ya mzee mmoja mchongaji, akacheka bila hata kuweka patasi chini. "Huyo bingwa wa mieleka, mwanangu."

Na kweli, inavyosimuliwa mtindo huo uliletwa na Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji kuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kinyago cha wanamieleka wamembeba mshindi wao. Wenyewe waliuita dimoongo, yaani nguvu. Jina la ujamaa limekuja baadaye, na wengine wanakisoma kama ukoo, mabibi na wajukuu. Weusi nao ni kiini cha mpingo tu, ganda lake la nje ni jeupejeupe (na ukikishika rangi ikabaki kidoleni ujue umeuziwa kiwi ya viatu).

Nadhani kosa langu lilianzia darasa la tatu. Bendera ya taifa: kijani ardhi, nyeusi watu, bluu maji, njano madini, ukikosea fimbo. Sasa bendera ni makubaliano, serikali imeshapanga kila rangi inasimamia nini, hapo hakuna mjadala. Ila tukaibeba akili hiyohiyo mpaka sekondari kwenye taashira, yaani ishara za fasihi, bundi kifo, njiwa amani, nyekundu damu, tukajaza mtihani na tukapata maksi, ndo maana mpaka leo mtu akikuta mvua kwenye hadithi anauliza mvua inawakilisha nini. Wakati mwingine ni masika tu jamani.

Ishara kwenye sanaa inafanya kazi zaidi kama khanga. Chukua doti iliyoandikwa "mtasema mchana usiku mtalala". Ikiwa imekunjwa dukani Kariakoo ni maneno tu. Mpangaji aivae asubuhi, apite koridoni taratibu, jina, yaani yale maandishi, limekaa sawasawa kwa nyuma, siku moja baada ya kugombana na wenzie kwa ajili ya hela ya umeme wa LUKU, nyumba nzima imeelewa na hakuna aliyetajwa. Doti hiyohiyo mama ampe binti yake aliyesemwa mtaa mzima kwamba hataolewa, inakuwa kama kumshika mkono. Kitambaa kile kile, kilichobadilika ni nani kavaa, mbele ya nani, lini. Lakini haiwezi kumaanisha chochote utakacho, kuipeleka msibani kama pole utatafutana na wafiwa. Ndivyo na kinyago: mabingwa, ukoo, taifa, vyote vinaingia kwa sababu vyote ni habari ya mtu kubebwa na wenzake. Upweke hauingii, hata ulazimishe.

Kwa anayeandika, maana yake uache kitu kifanye kazi yake ya kawaida kwanza. Kandambili ya bluu mlangoni, baba kaingia. Kurasa kadhaa mbele kandambili ipo, baba hayupo, mtoto anaivaa kwenda chooni. Mara ya tatu mama anafagia, anaizunguka. Hujaandika neno "huzuni" popote na msomaji kashaipata, ila ukimwekea maelezo kwamba kandambili ni pengo la baba umeiua palepale. Sio kila msomaji ataiona, na hilo sidhani kama lina dawa.

Kinyago kimoja kidogo nilinunua, kipo juu ya tivii. Juzi mama kaja toka kijijini, akakizungusha, akawaangalia wale watu walivyobanana, akauliza: "Hii ndo daladala ya Mbagala?"