Kama Watu Hukujia Kuomba Ushauri, Mafunzo Haya Yatakusumbua

Barua nyingine ya maombi imenifikia, na sentensi ni ile ile: "Tangu utotoni watu hunijia kuomba ushauri, kazi hii iko damuni, nimekosa cheti tu." Nasimamia mafunzo ya wahudumu wa afya ya akili ngazi ya jamii. Leo nalijibu hili hadharani, maana kuwajibu mmoja mmoja kumenishinda.

Kipaji cha kutoa ushauri si mtaji katika kazi hii. Mara nyingi ni deni, na sehemu kubwa ya mafunzo huenda katika kulilipa.

Ya darasani niyapitie haraka. Utasoma dalili za sonona, wasiwasi, saikosisi na uraibu, usiri na mipaka yake, uandishi wa kumbukumbu, rufaa itolewe lini na kwa nani. Utajifunza kutumia dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima dalili za sonona, na kwamba alama zake, 0 hadi 27, peke yake hazitoshi kusema mtu ana ugonjwa. Haya yanasomeka. Mwenye bidii hufaulu mtihani, akadhani ameiva.

Kisha tunamweka kwenye igizo dhima. Mwenzake anaigiza mnywaji: "Mke wangu anasema nimezidisha. Mimi naona ananionea tu." Mwanafunzi wetu mwenye kipaji anadakia: "Lakini watoto umewafikiria?" Mteja anajitetea. "Basi jaribu kunywa mwisho wa wiki tu." Nimejaribu, lakini. "Badilisha marafiki." Sawa, lakini. Kila ushauri unazaa "lakini" yake, na mazungumzo yakiisha mteja ameutetea unywaji wake hadi ameuamini kuliko alipoingia. Aliyemshawishi ni yeye mwenyewe, na aliyempa nafasi ya kujishawishi ni mshauri.

Hili si jipya. Mwanasaikolojia William Miller aliliandika mwaka 1983 kuhusu watu wenye matatizo ya pombe, akaja kuliendeleza na Stephen Rollnick: ukishika wewe upande wa mabadiliko, mwenzako hubakiwa na ule mwingine. Njia mbadala huonekana ya kipuuzi ikiandikwa. Unamwambia: "Unaona anakuonea, na bado neno lake halijakutoka kichwani." Kisha unanyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo wanafunzi wanapoanguka. Sekunde chache tu hawazivumilii. Watajaza pengo kwa swali, kwa methali, au kwa habari za mjomba wao aliyeacha pombe kwa nia tu. Mjomba hakualikwa kwenye kikao hiki. Tena ushauri wa mjomba, "acha leo leo", unaweza kuua: anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kushikwa na kifafa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Huyo anahitaji daktari kabla ya kuacha.

Sisemi ushauri ni haramu. Mtu akikuuliza, mjibu. Ukiona kuna jambo lazima alijue, omba ruhusa, mweleze, halafu muulize yeye anaonaje. Mpangilio huo tu, ruhusa kwanza na maoni yake mwisho, watu wazima wenye shahada huusumbukia kwa wiki nyingi.

Swali la 9 la PHQ-9 nalo lina mkasa wake. Linahusu mawazo kwamba ni afadhali kufa, au ya kujidhuru. Nimewasikia wengi wakisoma manane ya mwanzo kwa sauti nzuri, wakifika hapo macho yanashuka kwenye karatasi: "Na hili la kujidhuru… hili huna, siyo?" Hilo si swali, ni ombi la kujibiwa hapana, na mteja mwenye adabu atakuridhisha. Wanaogopa kumpandikizia wazo. Tafiti zilizochunguza hofu hii hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo. Wapo hata wanaopata nafuu. Uliza kwa jina lake: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usihubiri. Uliza kama ana mpango, kama ana njia mkononi, na nani yuko karibu naye; usimwache peke yake, na mwite msimamizi wako papo hapo.

Wakati huu kuna msomaji anayesubiri kunitajia mabibi wa Zimbabwe. Nawajua. Daktari Dixon Chibanda alianza nao Friendship Bench, mpango ambao mabibi hukaa benchini na kuwasikiliza wenye matatizo ya akili, mwaka 2006, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za wateja wao zimepungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Ushahidi mzuri kwamba shahada si lazima, na nauunga mkono. Kinachoniudhi ni kuutumia kudai kwamba mafunzo si lazima. Mabibi wale walifunzwa, walifuata hatua za kutatua matatizo zilizoandikwa, na walisimamiwa. Hata mpango wa PM+ (Problem Management Plus) wa Shirika la Afya Duniani, wa kuwasaidia watu wenye msongo, vikao vitano vya dakika 90 hivi, ulitungwa kwa wasio wataalamu, na unataka wasimamiwe.

Semina pekee nayo haitoshi. Mwaka 2001 Miller yule yule na mwenzake Mount walichapisha utafiti mdogo: baada ya warsha moja ya mbinu yake, washiriki walijiona wameimarika sana, lakini kanda za mazungumzo yao zilionyesha mabadiliko kiasi tu, na wateja hawakujibu tofauti na awali. Ndiyo maana nasikiliza rekodi, kwa ridhaa ya mteja, badala ya kumuuliza mwanafunzi "umeendeleaje?"

Vitabu huchora kazi hii ikiwa safi mno. Wahudumu wawili hufuata hatua zile zile, wateja wa mmoja wakarudi na wa mwingine wakapotea, na orodha yangu ya kupima umahiri imewapa alama sawa. Siku nyingine nashuku kwamba kinachoponya ni mtu kutokea kila wiki kwa saa aliyoahidi, na hatua zetu ni za kutupa sisi ujasiri. Na usaili wa kuchagua wanafunzi siuamini sana, ingawa naendelea kuufanya.

Kwa hiyo ukitafuta chuo, usianze na jina la cheti. Uliza nani atasikiliza mazungumzo yako na wateja, mara ngapi, na kwa muda gani baada ya kuhitimu. Wakikujibu kwa picha za mahafali, endelea kutafuta.