Ensefalopathia ya nini?

Mjomba wangu ana ini bovu. Juzi alianza kuweweseka, daktari akasema ni ensefalopathia, na kufika jioni ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba ana mdudu kwenye ubongo. Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia neno hili likigeuzwa hivyo, na linawatisha watu bure.

Ensefalopathia ni hali ya ubongo mzima kufanya kazi vibaya. Mtu huchanganyikiwa, husinzia ovyo, hubadilika tabia, pengine hupata degedege au kupoteza fahamu.

Neno lenyewe ni la Kigiriki. Kephale ni kichwa, na enkephalos ni kilicho ndani ya kichwa, yaani ubongo. Pathos ni mateso, maradhi. Ukiunganisha unapata "ubongo unaugua", na hapo neno linanyamaza. Halijasema unaugua kwa sababu gani. Jirani yake, ensefalitisi, amebeba mkia mwingine. Hiyo -itisi ni ile ile ya hepatitisi: tishu yenyewe imevimba na kuwaka, mara nyingi kwa sababu ya virusi, kama vya herpesi ambavyo dawa yake ni asiklovia. Homa ya uti wa mgongo nayo ni kitu cha tatu, inashika ngozi laini zinazofunika ubongo na uti. Ensefalitisi inaweza kumtia mtu kwenye ensefalopathia, ila si kila ensefalopathia ina mdudu. Nyingi hazina.

Ndiyo maana neno hili halikamiliki bila "ya". Ya ini: amonia, taka yenye sumu kutoka utumbo, inapita bila kuchujwa na ini na kulemea ubongo, mgonjwa hupewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, hadi apate choo laini mara mbili tatu kwa siku, huku ikitafutwa sababu iliyochokoza hali hiyo, iwe kuvuja damu tumboni, maambukizi au kufunga choo. Ya figo: kusafisha damu. Ya presha: kuishusha, lakini taratibu, maana kuishusha ghafla kunaunyima ubongo damu. Ya sukari kushuka: glukosi, tena haraka. Na ile aliyoieleza daktari Carl Wernicke mwaka 1881, ya kukosa vitamini B1, haiwapati walevi tu. Humpata hata mjamzito aliyetapika wiki nyingi. Huyo apewe B1 kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu glukosi peke yake inaweza kumzidishia.

Hakuna kipimo kimoja cha yote. Kinaanza cha sukari, tone la damu kidoleni, kisha chumvi za damu, figo, ini, malaria, picha ya ubongo, na maji ya uti wa mgongo pakiwa na shaka ya maambukizi. Maelezo ya anayeishi na mgonjwa yana uzito wake: lini alibadilika, alikunywa dawa gani.

Bibi zetu wakisema "malaria imepanda kichwani" wanataja mahali na sababu kwa pumzi moja. Wametimiza "ya" yao. Mjomba hana mdudu, ndugu zangu. Ana ensefalopathia ya ini, na jana, baada ya kupata choo mara tatu, aliniita kwa jina langu.