Madison na hofu ya wengi

Kila ninapofundisha katiba ya Marekani, wanafunzi hushangaa kwamba James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa katiba hiyo, aliwahofia wengi kuliko alivyomhofia mfalme. Sisi tumelelewa na "wengi wape". Yeye aliuliza: na wengi hao wakiamua kuwadhulumu wachache?

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1786 wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, madeni yakiwa yamewafika shingoni, walizuia mahakama kuketi ili wasifilisiwe. Huko Rhode Island, bunge la jimbo lilichapisha pesa za karatasi na kuwalazimisha wanaodai wazipokee. Makala ya Madison, ya kumi katika mfululizo wa Federalist wa kuitetea katiba mpya, ilitoka gazetini New York mnamo Novemba 1787. Inakiri kwamba makundi, yaani watu walioungana kwa maslahi yao dhidi ya haki za wengine, hayafutiki: ukiyapiga marufuku umeua uhuru, na watu hawatawaza mamoja kamwe. Chanzo chake sugu, anasema, ni mali, yaani nani anayo na nani hana. Kilichobaki ni kuzuia madhara yake.

Hapo ndipo alipowapinga wakongwe. Mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu alifundisha kwamba jamhuri hustawi ikiwa ndogo. Madison akasema ipanuliwe. Nchi ikiwa kubwa, maslahi huwa mengi mno kwa kundi moja kushika wingi, na wawakilishi huchuja jazba za wananchi kabla hazijawa sheria. Kwangu, hii ndiyo hoja yenye ujasiri kuliko zote za kizazi chake.

Ila aliacha pengo kubwa: chama, kinachoweza kuyaunganisha makundi yaliyotawanyika yakawa wingi mmoja. Miaka michache baadaye yeye na Thomas Jefferson walijenga chama cha kumkabili Alexander Hamilton, waziri wa fedha aliyeandika naye mfululizo uleule wa makala. Katika uchaguzi wa 1800 wajumbe wa kumchagua rais waliutii mno mrengo wao. Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, wakapata kura 73 kila mmoja, kwa kuwa katiba haikutenganisha kura ya rais na ya makamu. Bunge la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapita. Marekebisho ya 12, ya mwaka 1804, yalirekebisha utaratibu huo wa kura, vyama vikabaki.

Kenya haina kabila lenye nusu ya watu, na kwa hesabu ya Madison hilo lingetosha kutulinda. Waandishi wa katiba ya 2010 hawakuridhika nalo. Kifungu cha 138 kinamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Ni sharti zuri, maana linamtoa mgombea nyumbani kwake. Hata hivyo, vigogo wa maeneo wakishakubaliana mezani, kaunti huja kwa mkupuo. Ndiyo maana siku hizi nawahimiza wanafunzi wachunguze kura za mchujo: katika ngome ya chama, mbunge mara nyingi hupatikana hapo, na wanaoshiriki ni wachache kuliko wapiga kura wa siku ya uchaguzi.