Kamera haikumnasa minde. Je, hayupo?

Nikishafunga kwenye mti kamera ya mtego, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, napiga magoti na kutambaa mbele yake, kimo cha funo, yule swala mdogo wa msituni, huku mwenzangu akiitazama taa yake ndogo nyekundu. Ikiwaka, imenihisi. Isipowaka, tunaishusha kidogo, tunaondoa majani yanayoziba, natambaa tena. Nafanya hivyo kila kituo, hata siafu wakiwa njiani, kwa sababu kamera iliyofungwa vibaya itaniletea sifuri ambayo baadaye sitaweza kuielewa.

Hapa ni Udzungwa, milima yenye misitu nchini Tanzania. Tangu mwaka 2009 kamera 60 zimekuwa zikitegwa humu, takriban moja kwa kila kilomita za mraba 2, na kila moja hukaa siku 30. Wanaopita mbele yake ni panya buku, funo, paa, nguruwe mwitu, mara chache chui. Na minde, ambaye ndiye ananishughulisha zaidi: swala wa msituni, jamaa wa nsya, mkubwa, karibu mweusi, ana shungi jekundu kati ya pembe. Dunia nzima anapatikana Tanzania pekee, na picha yake ya kwanza akiwa porini ilipigwa na kamera ya mtego mwaka 2003, humuhumu Udzungwa.

Sasa, kamera imekaa siku 30 na hakuna minde. Tuandike nini?

Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa minde anaishi hapo na kila siku kuna nafasi ya asilimia 10 ya kunaswa, uwezekano wa kumkosa siku zote 30 ni kama asilimia 4. Lakini nafasi hiyo ikiwa asilimia 2, uwezekano wa kumkosa unapanda hadi asilimia 55 hivi. Yupo, anakula, anazaa, na zaidi ya nusu ya kamera zetu zitasema hayupo.

Dawa yake ilitolewa mwaka 2002 na mtakwimu MacKenzie na wenzake, na mimi bado naiona nzuri mno. Gawa zile siku 30 katika vipindi 6 vya siku tano tano. Akinaswa, andika 1; asiponaswa, 0. Tuseme kituo kimoja kimetoa 0 1 0 0 1 0. Tukikubali kwamba eneo hilo ni lake kwa mwezi mzima, basi zile sifuri nne ni zetu: tulimkosa. Kwa kukusanya sifuri za namna hiyo kutoka vituo vingi tunapata kipimo cha kumkosa, kisha tunakirudisha kwenye vituo vilivyotoa sifuri tupu. Hapo uwezekano wa kuwepo unatengana na uwezekano wa kunaswa.

Bila kuvitenganisha, makazi yenyewe yanatudanganya. Penye vichaka vizito kamera huona hatua chache tu. Picha zinapungua, na mtu anahitimisha haraka kwamba mnyama anakwepa vichaka, kumbe ndiko anakolala. Tena kamera hizi huhisi tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira. Adhuhuri, kwenye msitu wa chini wenye joto kali, tofauti hiyo hupungua kuliko kule juu kwenye ubaridi. Na tukifunga kamera kwenye mapito tu, tutawajua vizuri wanaopenda mapito.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye ripoti kwamba bonde moja halina minde. Msimu uliofuata alipita hapohapo saa tisa usiku, majani mdomoni. Inaniuma mpaka leo, maana ripoti ya namna ile inaweza kumfanya mtu aone bonde lile halina cha kulindwa.

Siku hizi kila sifuri kwenye jedwali langu naiandikia idadi ya siku ambazo kamera ilikuwa hai, na kilichoizuia. Msimu uliopita kituo kimoja kilisomeka hivi: minde 0, siku 11, mchwa ndani ya kasha.