Masaa 50,000 ya boksi si ya balbu nzima jamani

Wiki hii nimepigiwa tena na mhasibu wa chuo kimoja hapa Malindi, hata salamu hatujamaliza, "Fundi, taa zako za LED zinakufa na boksi limeandika masaa 50,000." Taa zangu! Mimi nimezifunga tu bwana, sikuzizaa. Hii ni mara ya ngapi sijui, basi naandika hapa ili mwingine akinipigia nimtumie linki nirudi kulala.

Bili tuipitie haraka. Tyubu ya zamani ya futi 4 ni wati 36, ukijumlisha na choki yake, kile kidude kizito cha kuiwashia, inafika kama 45, ya LED unayoweka badala yake ni 18. Hapo sibishani na mtu, ila choki itolewe kwenye laini, ukiiacha inaendelea kula stima kidogo kidogo.

Sasa masaa. Yale 50,000 ni ya chipu, vile vidoti vya njano vinavyotoa mwanga, na wala si kwamba siku hiyo zinazima, maana yake mwanga umeshuka mpaka asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Na hakuna mtu aliyeikalia balbu karibu miaka 6 usiku na mchana akihesabu, wanazipima maelfu machache ya masaa halafu wanapiga hesabu ya huko mbele. Haya, na draiva je? Draiva ndiyo inayopokea zile volti 240 na kuzilisha chipu kwa kipimo, na ndani yake kuna kapasita, kikopo kidogo cha kuweka chaji, yenye majimaji, na majimaji yale na joto hawapatani kabisa, sisi mafundi huhesabu kila digrii 10 zikiongezeka umri wake unakatika nusu. Hilo kwenye boksi hulioni.

Mwezi wa pili nilipanda ngazi korido ya hosteli, ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati, kaskazi imelala, jasho linaniingia machoni. Taa ni ile ya duara ya kifuniko cha glasi, imekazwa ikaziba, ndani mjusi kafiri amekauka kama ng'onda. Balbu ilikuwa inawaka humo usiku na mchana maana swichi ilivunjika na hakuna aliyejali. Nikaipasua palepale mbele ya metroni, kapasita imefura kichwa kama andazi, na chipu moja ina doti jeusi katikati. Zile chipu zimefuatana kwenye waya mmoja, moja ikikata zote giza. Metroni akainama akatazama, "Kumbe kidude kama hiki!" Eeh mama, kidude kama hiki.

Na balbu za katoni hilohilo nilizofunga veranda ya maktaba, pale upepo wa bahari unapopita, bado zinawaka, ingawa holda zake zimeanza kutu ya kijani kwa chumvi na sijui zitafika wapi.

Nikubali jambo. Dukani nikishika balbu mbili siwezi kukwambia draiva ya ipi ni nzuri. Napima uzito kwa mkono, nzito ndiyo naiamini, na nzito zimeshanipiga pia. Halafu kuna zile zinazokufa kumi usiku mmoja, hapo usinitajie joto, kagua nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ikilegea kwenye jengo la fezi tatu, yaani linaloingiza umeme kwa nyaya tatu za moto, fezi moja inaweza kupanda ikapita volti 300, na friji ya kantini nayo inaaga. Mara nyingi namlaumu fundi aliyenitangulia. Mara moja nilikuwa mimi, skrubu sikuikaza.

Mhasibu nimemwambia korido ya juu anunue fitingi zenye matundu ya kupumua, au atoe vile vifuniko vya glasi. Akauliza, je mijusi ikiingia? Ndugu yangu, hiyo mwulize metroni.